Zenith ni utosi, si upeo wala kilele

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi, tena si ndogo, katika ukurasa wako wa barua. Safu yenu inayowasaidia wanaojifunza Kiingereza imeeleza neno "zenith" kwa maneno matatu tu: "upeo wa juu". Chini yake ukawekwa mfano unaosema kwamba jua hufika "zenith" kila siku saa sita mchana. Tafsiri hiyo ina kasoro na mfano una kosa. Wanafunzi wa sekondari huikata safu hiyo na kuibandika madaftarini, kwa hiyo ni heri jambo hili lirekebishwe kabla halijafika kwenye karatasi za mitihani.

Tuanze na hilo "upeo". Mswahili akisikia upeo, kinachomjia kwanza ni upeo wa macho, kule mbali ambako ardhi na mbingu huonekana kukutana. Ukisimama kwenye mbuga za Bahi jioni ukalitazama jua linavyozama, unachokitazama ni upeo wa macho, na Kiingereza chake ni "horizon". Kutoka hapo hadi "zenith" ni nyuzi 90, pembe mraba nzima. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "horizon" ni upeo, kisha akaambiwa na "zenith" nayo ni upeo, hata ukimwongezea "wa juu" atazichanganya tu. Hakuna nukta mbili za anga ambazo ni hatari zaidi kuzichanganya kuliko hizo.

Wengine hupendelea "kilele". Hiki ni afadhali, na kwa maana ya mafumbo kinafaa kabisa, tutakuja huko. Lakini kilele ni mali ya mlima. Kilele cha Kilimanjaro ni kilekile kwa aliye Moshi na kwa aliye Loitokitok, upande wa Kenya. "Zenith" haiko hivyo. Ni nukta ya angani iliyo juu kabisa ya kichwa cha mtazamaji, na mtazamaji akihama inahama naye. Ya Dodoma siyo ya Dar es Salaam. Miji hiyo imeachana karibu kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na kila kilomita 111 juu ya uso wa dunia ni nyuzi 1, kwa hiyo "zenith" zao zimeachana angani kama nyuzi tatu na nusu. Hiyo ni sawa na miezi mpevu saba iliyopangwa mstari mmoja. Hata hapa Dodoma, ukitoka Jamatini ukaenda Ihumwa umeshaisogeza kidogo.

Neno lenyewe tunalo, na si la kuunda: utosi. Tunasema jua la utosi, tunasema jua limefika utosini, na mama anayempaka mtoto mchanga mafuta utosini hahitaji kamusi ili apajue. Weka kidole utosini, kisha uwazie mstari unaopanda kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye nyota. Pale mstari unapochoma anga, ndipo "zenith".

Uzuri ni kwamba asili ya neno la Kiingereza inasema jambo lilelile. Limetoka kwenye Kiarabu, "samt ar-ras". "Samt" ni njia au uelekeo, na "ras" ni kichwa, basi ni njia ya juu ya kichwa. Hiyo "ras" si ngeni kwetu. Ndiyo iliyo ndani ya rasi, ile ncha ya nchi kavu inayotokeza kichwa baharini. Ndiyo iliyo ndani ya rasilimali, kichwa cha mali, yaani mtaji. Na rais naye ametoka kwenye mzizi huohuo. Mtoto wa Dodoma anayejifunza "zenith" ana ndugu za neno hilo kinywani mwake tangu darasa la kwanza, ila hajaambiwa.

Sasa inakuwaje "samt ar-ras" igeuke "zenith", neno ambalo halina kichwa wala halifanani na njia? Katika karne ya 12, wanazuoni wa Ulaya walikuwa wakikusanyika Hispania, hasa mji wa Toledo, kutafsiri vitabu vya Kiarabu kwenda Kilatini. Mmoja wao, Gerard wa Cremona, alikamilisha mwaka 1175 tafsiri ya kitabu kikuu cha Ptolemy cha elimu ya nyota, kutoka kwenye nakala za Kiarabu. Istilahi nyingi zilipita mlango huo wa tafsiri, na hii yetu ilipopita ilipata ajali mbili. Ya kwanza, Walatini walichukua "samt" peke yake na kuiacha "ras" nyuma. Neno likabaki njia tupu, bila kichwa.

Ajali ya pili ni ya kalamu. "Samt" iliandikwa kwa herufi za Kilatini kama "cemt". Katika mwandiko wa zama hizo herufi m ilikuwa vijiti vitatu vilivyosimama sambamba, herufi n vijiti viwili, na i kijiti kimoja, mara nyingi bila nukta juu yake. Jaribu mwenyewe: chora vijiti vitatu vilivyobanana, kisha mpe mwenzako asome. Anaweza kusoma m, anaweza kusoma ni, na hata in, na kote atakuwa na haki. Mwandishi aliyekuwa akinakili, ambaye Kiarabu hakukijua, aliona c, e, vijiti vitatu, t, akaandika "cenit". Kwa hiyo n na i zilizomo ndani ya "zenith" hazikuwapo katika neno la asili. Ni m iliyopasuka. Kutoka Kilatini "cenit" iliingia Kifaransa cha kale, na mwishoni mwa karne ya 14 ikaingia Kiingereza. Geoffrey Chaucer aliitumia kwa tahajia ya "cenyth" katika mwongozo wa kutumia astrolabu, kifaa cha kale cha kupimia mahali pa nyota, aliomwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka kumi, yapata mwaka 1391. Herufi z ya mwanzo ilikaa imara baadaye.

Msidhani ajali hiyo ilikuwa ya peke yake. Ile nyota nyekundu ya kundi la Orion inayoitwa Betelgeuse ilianza kama "yad al-jauza", mkono wa Jauza, jina la Kiarabu la kundi hilo. Waliopita madrasa wanajua kwamba ya ikianza neno huwa na nukta mbili chini, na ba ina nukta moja, na vibebeo vyake vinafanana. Nukta moja ikapotea, "yad" ikasomwa "bad", na mpaka leo dunia nzima inaita nyota hiyo kwa neno lisilo na maana katika lugha yoyote. Jirani yake, Rigel, aliponea: ni "rijl", mguu, na mguu umebaki mguu. Tunaitaja Rigel kwa sababu ya msingi. Iko nyuzi 8 na ushei kusini mwa ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, na Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini (dakika 60 ni nyuzi 1), kwa hiyo kila siku nyota hiyo hupita nyuzi mbili tu kutoka utosini mwetu. Katikati ya Januari hupita hapo kama saa 4:15 usiku, na katikati ya Februari kama saa 2:10 usiku. Mawingu yakifunguka, lala chali uani, tafuta nyota nyeupe yenye weupe wa kibuluu juu yako kabisa, na hapo una "zenith" bila mchoro ubaoni. Betelgeuse itakuwa upande wa kaskazini yake, nyekundunyekundu.

"Zenith" ina ndugu wawili ambao safu yenu ingefaa iwafundishe pamoja, maana mmoja humfafanua mwenzake. "Azimuth" ni wingi wa "samt" hiyohiyo pamoja na kitambulishi cha Kiarabu, "as-sumut", njia au pande. Herufi lam ya "al" imemezwa na herufi sin, kama inavyomezwa katika "assalamu". Maana yake katika elimu ya nyota na upimaji ardhi ni pembe ya uelekeo, inayohesabiwa kutoka kaskazini kwa kuzunguka kupitia mashariki. Ndugu wa pili ni "nadir", nukta iliyo chini ya nyayo zako, ng'ambo ya dunia, inayoikabili "zenith" ana kwa ana. Imetokana na "nadhir as-samt", kinachokabiliana na njia, na hapa tena walichukua nusu ya jina. Mzizi wake ni ule wa kutazama, uliotupatia nadharia. Usiichanganye na nadhiri anayoiweka mtu. Ile kwa Kiarabu ni kwa herufi dhali, hii ni kwa herufi dhwa, ila Kiswahili kimezipa herufi zilezile.

Matamshi. Uingereza husema "ze" fupi, kama ya zeze, na Marekani wengi husema "zii" ndefu. Zote ni sahihi, mradi mtu achague moja. Mwisho ni th ya thelathini na themanini. Sauti hiyo Kiswahili inayo, kwa hiyo hakuna udhuru wa kusema "zenit". Tatizo la huku bara ni jingine: anayesema "selasini" atasema "zenis", na dawa yake ianzie kwenye thelathini. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, jambo ambalo kwetu linakuja lenyewe kwa sababu neno lina silabi mbili. Kwenye "azimuth" ndiko watu hujikwaa. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tukasema a-ZI-muth, ilhali Kiingereza kinataka A-zimuth. "Nadir" nayo huanza na "nei", si "na". Makosa ya tahajia yanayojirudia ni "zeneth" na "zinith". Ukikumbuka ile m iliyopasuka kuwa ni, hutayafanya.

Katika sentensi, neno hili hutaka "at". Haisemwi "on the zenith" wala "in the zenith". Anga likitajwa lenyewe, ni "at the zenith"; kitu kinapofika utosini, "reach the zenith" au "pass through the zenith". Kwa mafumbo ni "at the zenith of her career" au "the empire was at its zenith", na hapo ndipo kilele hufaa: kilele cha kazi yake, dola ilipokuwa kileleni. Kinyume chake cha mafumbo ni "nadir", hali ya chini kuliko zote. Wanaopenda kuongeza chumvi huandika "highest zenith". Hiyo ni kama kusema utosi wa juu wa kichwa. Hakuna mwingine wa chini.

Tukirudi kwenye ule mfano wenu wa saa sita, tuwe waadilifu. Kamusi za Kiingereza huipa "zenith" maana ya pili iliyolegea, ya sehemu ya juu kabisa ambayo jua au nyota hufika kwa siku hiyo, na mtu anaweza kuutetea mfano kwa maana hiyo. Lakini mwanafunzi huyohuyo ana somo la Jiografia, na huko maana ni moja tu: nyuzi 90 juu ya upeo wa macho. London, iliyo nyuzi 51 na nusu kaskazini, jua halifiki hapo hata siku moja; siku linapopanda sana, mwezi Juni, huishia nyuzi 62. Kwenye ikweta hufika mara mbili kwa mwaka. Kwenye Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, mara moja moja. Mahali popote kati ya tropiki hizo mbili, mara mbili, na Tanzania yote imo humo. Vitabu vya shule hukariri tarehe za ikweta na za tropiki peke yake, na mtoto humaliza kidato cha nne akiamini kwamba jua la utosi ni mali ya watu wa ikweta, wakati limemchoma kichwani mwenyewe mara mbili kila mwaka.

Kwa Dodoma Mjini siku hizo ni tarehe 4 au 5 Machi, na 8 au 9 Oktoba. Tarehe husogea siku moja kwa sababu ya mwaka mrefu. Singida na Kondoa, zilizo karibu nyuzi 5 kusini, ni kama 8 Machi na 5 Oktoba. Nje ya siku hizo, jua la mchana wa Dodoma liko upande. Fimbo ya mita 1 iliyosimama wima, jua linapokuwa juu kabisa kwa siku hiyo, hutoa kivuli cha sentimita 57 kuelekea kusini tarehe 21 Juni, sentimita 11 kuelekea kusini siku ya ikwinoksi, usiku na mchana vinapolingana, na sentimita 31 kuelekea kaskazini tarehe 21 Desemba. Ndiyo, mwezi Desemba kivuli cha adhuhuri hapa kwetu huangukia kaskazini, na mwalimu anayechora kivuli cha kusini mwaka mzima anafundisha mji mwingine.

Halafu kuna suala la saa, ambalo limewavunja moyo walimu wengi. Mwalimu anasoma tarehe, anasimamisha fimbo 5 Machi saa sita kamili, anaona kivuli cha sentimita 22, anahitimisha kwamba kitabu kinadanganya. Kitabu hakijadanganya, ni saa ya ukutani. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Somalia na Madagaska na hauigusi Tanzania hata kidogo. Dodoma iko kama nyuzi 35 na dakika 45. Tofauti ni nyuzi 9 na robo, na dunia hutumia dakika nne za saa kugeuka nyuzi 1, kwa hiyo jua letu linachelewa dakika 37. Juu ya hilo, njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, basi jua nalo lina mwendo wake usiolingana na saa: mwanzoni mwa Machi huwa nyuma kama dakika 12, mwanzoni mwa Oktoba huwa mbele kama dakika 12. Jumlisha na utoe. Machi jua hufika utosini mwa Dodoma karibu saa 6:49 mchana, Oktoba karibu saa 6:25. Ukipima Oktoba saa sita kamili utakuta kivuli cha sentimita 11, na tena utamlaumu mwandishi wa kitabu.

Njia iliyo bora kuliko fimbo ni bomba. Chukua bomba la plastiki la inchi moja, urefu mita 1, lililonyooka. Lisimamishe juu ya vipande viwili vya tofali ili mdomo wa chini ubaki wazi sentimita chache juu ya karatasi nyeupe. Ning'iniza timazi pembeni yake, au uzi wenye nati ya boliti kama timazi hakuna, na ukague wima kutoka pande mbili, kwanza ukitazama kutoka kusini kisha kutoka mashariki. Kukagua upande mmoja tu hakutoshi, kwa sababu bomba linaweza kuonekana limenyooka huku limelala kuelekea kwako. Siku yenyewe ikifika, karatasi hukaa na kivuli cha bomba mpaka dakika chache kabla ya wakati, kisha hilali ya mwanga inatokea ukingoni, inanenepa, inakuwa duara, inakondea upande wa pili na kutoweka. Yote huchukua dakika kumi hivi. Duara likikaa katikati kabisa ya kivuli cha mdomo wa bomba, jua liko utosini. Likipita ubavuni, ama umekosea tarehe kwa siku moja au mbili, ama bomba limeinama. Ukikosea kwa siku tano hutaona mwanga kabisa.

Kwa fimbo ya mita 1, kuinama nyuzi 1 hukupa kivuli cha uongo cha milimita 17, ilhali kukosea siku nzima hukupa milimita 7 tu. Kwa hiyo tatizo mara nyingi si kalenda, ni fundi. Ufito wa miti haufai, unapinda. Ardhi ya uwanja wa shule nayo haifai isipokuwa umeipima kwa pima maji; sakafu ya saruji ya baraza ni bora, mradi paa lisiwe juu. Na usihangaike kutafuta ukingo mkali wa kivuli: jua si nukta, lina upana wa karibu nusu ya nyuzi, kwa hiyo mwisho wa kivuli cha mita 1 una ukungu wa milimita 9.

Kuna matumizi ya neno hili yanayogusa wengi bila wao kujua. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana, jua linakuwa kwenye "zenith" ya Makka. Saudi Arabia inatumia saa sawa na yetu, hakuna cha kujumlisha. Kwa dakika hiyo, mtu yeyote anayeliona jua anaona nukta iliyo juu ya Kaaba. Fimbo ya mita 1 hapa Dodoma itakuwa na kivuli cha kama sentimita 53. Chora mstari kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye shina la fimbo, uendeleze mbele, na huko ndiko Kibla. Utakuta mstari umeegemea kidogo mashariki ya kaskazini halisi, "azimuth" ya nyuzi 8 hivi. Zoezi moja, maneno mawili ya Kiingereza, na mafundi wa msikiti wanaweza kuhakiki mihrabu yao bila kifaa chochote.

Pendekezo letu kwa safu yenu basi ni hili, na mnaruhusiwa kulichapa lilivyo. "Zenith" ni nomino. Maana yake ya kwanza ni utosi wa anga, nukta iliyo juu kabisa ya kichwa cha mtazamaji, nyuzi 90 kutoka upeo wa macho. Maana yake ya mafumbo ni kilele cha mafanikio au nguvu. Hutumika na "at". Asili yake ni Kiarabu "samt ar-ras", njia ya juu ya kichwa. Mfano wa kwanza uwe "In Dodoma the sun passes through the zenith twice a year." Ule wa saa sita ubadilishwe usomeke "The sun reaches its highest point around midday", ambao ni kweli kila siku na kila mahali nchini, bila kumfunga mtu kwenye saa ya ukutani. Na "upeo" muuache kwa "horizon", ambako unafanya kazi yake vizuri.

Ikiwezekana marekebisho yatoke kabla ya Oktoba. Siku hizo anga la Dodoma huwa kavu na wazi. Machi mvua huwa hazijakatika, na mwalimu anaweza kukaa na bomba lake wiki nzima akitazama mawingu.

Walimu wawili wa Kiingereza na Jiografia,
Dodoma Mjini